Nilitoa mabati ya ekzosti kwenye Pajero kuukuu, na sasa nimeyarudisha: soma kabla hujashika grinda

Mleta uzi, Nakuru

Wadau, salaam kutoka Nakuru. Wenye Pajero, Prado, Patrol na Landrova za miaka ya tisini mnaijua hii kelele: unawasha gari asubuhi, halafu chini ya sakafu kunalia kama kopo lililotiwa misumari. Ukikanyaga mafuta inanyamaza, ukiachilia inarudi. Unapeleka gereji, fundi anainama kidogo tu, anakwambia, "Ni haya mabati ya ekzosti. Tuyatoe, hayana kazi."

Niliambiwa hivyo mwaka jana nikakubali. Ushauri huo huo nimeuona humu mara nyingi, na kila nikiuona moyo hunidunda. Ndiyo maana nimeketi leo niandike yote yaliyonipata.

Gari langu ni Pajero ya 1996, V6 ya petroli, lita 3.0. Mabati ninayosema ni yale membamba ya kukinga joto, yaliyofinyangwa kufuata umbo la paipu ya moshi. Moja hufunika manifoldi (pale moshi unapotokea kwenye injini), jingine paipu ya mbele, na mawili hukumbatia katalitiki, juu na chini (katalitiki ni kile kisanduku cha kusafisha moshi; ndugu zetu wa Tanzania huiita masega). Bolti zilikuwa zimeliwa na kutu, matundu yamepanuka, bati linacheza. Fundi alichukua grinda, na haikupita nusu saa yote manne yakawa kwenye rundo la vyuma chakavu. Nilirudi nyumbani gari likiwa kimya kabisa, nikamtumia fundi ujumbe wa kumshukuru.

Dalili ya kwanza ilikuwa zulia. Siku moja nilipanda kutoka Salgaa kwenda Mau Summit nyuma ya malori, muda wote niko gia ya pili na ya tatu. Nikahisi joto linapenya soli ya kiatu, pamoja na harufu kama ya gundi. Nikadhani ni klachi ya lori lililokuwa mbele yangu.

Februari nikampeleka mama kwa mjomba, ng'ambo ya Chemelil. Wanaotoka huko wanajua hali ya mwezi huo. Miwa imekatwa, majani makavu yamelala hadi magotini, ukiyakanyaga yanavunjika kama karatasi. Niliingia na gari kwenye njia ya trekta, nikasimama kumsalimia mjomba dirishani huku injini ikinguruma. Tukazungumza dakika tano, labda sita. Binamu yangu ndiye aliyeona moshi mweupe ukitoka chini ya mlango wa upande wa mama.

Mama ana magoti mabovu, na kushuka kwenye Pajero kwake ni kazi. Nilimbeba. Mjomba alimwaga dumu zima la maji ya kunywa chini ya gari, mimi nikanyunyiza mtungi wa poda ya kuzimia moto wa kilo moja, kisha vijana wakatusaidia kulisukuma hadi kwenye udongo mtupu. Tulipoinama tuliona fungu la majani ya miwa limejibana kati ya katalitiki na chesisi, nusu yake imeshakuwa makaa. Paipu ya petroli inapita hapo hapo, si mbali na kiganja cha mkono.

Kwa hiyo nasema wazi: bati linalolia ni bolti iliyokufa. Tengeneza bolti. Ukilitupa bati unanyamazisha mlinzi kwa sababu amekohoa.

Kazi yake si siri. Katalitiki ya petroli ikifanya kazi vizuri, ndani yake huwa kati ya nyuzi 400 na 800 hivi. Nyasi kavu zikigusa chuma chenye nyuzi 300 na kitu, zinaweza kuanza kufuka. Bati linasimama katikati, lina hewa pande zote mbili, na uso wake unaong'aa unarudisha joto lilikotoka. Hiyo nafasi ya hewa ndiyo dawa yenyewe. Upana wake ni wa kidole tu, lakini ndiyo inayotenganisha chuma chekundu na zulia, waya, paipu ya petroli na majani ya mjomba.

Karibuni mchangie. Wenye maoni tofauti pia, ila tuzungumze kwa hoja.

Landrova ya Kitale

Pole sana mkuu, na mama apewe pole zake. Lakini mimi niko upande wa pili. Nina Defender ya 300Tdi, dizeli, na nilitoa mabati yote zaidi ya miaka minane iliyopita. Nimepita nayo Mlima Elgon, Cherangani hadi Lodwar, na sijawahi kuona moshi wa aina hiyo.

Niliyatoa kwa sababu moja: yanakusanya takataka. Ukipita nyasi ndefu zinaingia kati ya bati na paipu, na huwezi kuzifikia kwa mkono. Ukipita tope linaingia, linakaukia humo, kutu inakula paipu kutoka nje. Kwangu bati lenyewe ndilo lililokuwa mtego.

Mkulima wa Njoro

Nasoma kwa makini. Sisi wa ngano, baada ya mavuno shamba lote ni mabua makavu, na pikapu inaingia humo kila siku kubeba magunia. Naomba fundi yeyote ajibu hoja ya huyu ndugu wa Kitale, kwa sababu na mimi nimeona mabua yakijaa humo.

Fundi wa Kibuye

Habari za jioni. Mimi ni fundi Kisumu, kazi yangu ni ekzosti na kuchomelea, mwaka wa kumi na saba huu. Nimeona mmoja anasema yasitolewe kamwe, mwingine anasema yote ni takataka. Nikiwa chini ya gari mimi huuliza maswali mawili tu: gari hili ni la mafuta gani, na bati hili linakinga nini.

Mzee wa Kitale, Defender yako ya 300Tdi haina katalitiki. Dizeli ikitembea polepole au ikisimama inanguruma, ekzosti yake ni ya baridi ukilinganisha na petroli, kwa sababu injini inavuta hewa nyingi kuliko inayohitaji kuchomea mafuta yake. Joto hupanda ikibeba mzigo mlimani, na hata hapo sehemu kali ni manifoldi na tabo (pampu ya hewa inayozungushwa na moshi), si paipu ya chini ya kiti. Kwa hiyo wewe kukaa miaka minane salama si bahati tu. Lakini usimpe ushauri huo mwenye V6 ya petroli. Gari lake ni mnyama mwingine.

Hoja yako ya takataka ni ya kweli, na siipuuzi. Kule Australia kuna nyasi zinaitwa spinifex zenye utomvu unaowaka haraka. Zinajibana chini ya magari ya porini na zimeteketeza mengi, yakiwemo yenye mabati yake yote. Bati lililojaa nyasi kavu halikingi, limekuwa jiko. Na bati lililojaa udongo mweusi wa Kano, ule unaonata kama ugali, halina tena nafasi ya hewa. Joto linapita kwenye udongo moja kwa moja. Hapo unasafisha. Chukua waya mgumu uliokunjwa ncha kama ndoana, uvute takataka zote ekzosti ikiwa baridi, kisha piga maji ya presha. Ukishatoka shambani fanya hivyo kabla ya kushika lami, usingoje Jumapili.

Sasa, mabati yapi yanaweza kutoka na yapi yabaki?

Bati la saileneza ya nyuma, au la paipu ya katikati inayopita mahali peupe pasipo waya wala hosi: likioza, litoe, hutajuta. Mengine gari lilikuja nayo ili kupunguza joto la sakafu tu, na mwenye gari anaweza kuamua.

La katalitiki, juu na chini, libaki. La chini ndilo linalozuia majani yasiguse, na pia linapunguza maji baridi kurukia katalitiki ikiwa ya moto unapovuka mto. Ndani ni kauri, na kauri ya moto ikipigwa na maji ya ghafla inaweza kupasuka.

La kati ya ekzosti na stata (mota ya kuwashia injini) libaki. Nimebadilisha stata nyingi zilizokuwa nzima zikiwa baridi, zikipata joto zinakataa kuzungusha injini. Mwenye gari kanunua betri mpya mara mbili. Ukiinama unakuta alama za bolti za bati lililokuwepo zamani.

Linalokinga paipu ya mafuta, paipu ya breki, au zile raba za mpira kwenye shafti za mbele: libaki, libaki, libaki. Mafuta ya breki ya DOT 3 yakiwa mapya huchemka nyuzi 205. Yakishanyonya unyevu, nayo huunyonya kutoka hewani, kiwango kinashuka hadi 140 hivi. Yakichemka ndani ya paipu yanakuwa mvuke, na mvuke ukibanwa hunywea. Pedali inazama hadi sakafuni.

Dereva wa Kericho

Hilo la pedali limenishtua, fundi. Nimewahi kupata hivyo nikishuka kutoka Kericho kuelekea Ahero. Pedali ililainika, nikasimama kando, baada ya nusu saa ikarudi ngumu. Nilibadilisha brake pad zote nikadhani nimemaliza. Gari ni Prado ya petroli, halina bati hata moja chini, nililinunua hivyo.

Fundi wa Kibuye

Ndugu yangu, mara nyingi mteremko mrefu na breki zenyewe ndizo huchemsha mafuta, kwa hiyo sitalaumu ekzosti nikiwa sijaliona gari. Lakini badilisha mafuta ya breki yote, usiongezee juu. Kisha lala chini uangalie paipu ya breki inapita wapi. Ukiona imepita karibu na ekzosti na rangi yake imebabuka, umepata mshirika wa pili.

Dada wa Kakamega

Naomba kuuliza, msinicheke. Nina Escudo ya zamani iliyotoka Japani. Kuna taa nyekundu kwenye dashibodi yenye picha kama ya paipu inayotoa moshi. Iliwaka mara moja nikipanda kutoka Chavakali, ikazimika. Fundi mmoja aliniambia ning'oe balbu.

Mleta uzi, Nakuru

Dada, hakuna wa kukucheka, swali lako ni la maana kuliko mengi. Usiing'oe! Magari mengi ya petroli yaliyotengenezwa kwa soko la Japani miaka ile yana kipima joto kwenye katalitiki, na taa hiyo ndiyo onyo kwamba joto limepita kiasi. Langu pia lilikuwa nayo. Nilipoinama baadaye nikakuta waya wake umekatwa kitambo, sijui na nani. Ningekuwa na taa ile siku ya Chemelil labda ningejua mapema.

Fundi wa Kibuye

Sahihi kabisa. Na mkuu, hapa naomba nikuulize kitu: injini yako ilikuwa inachoma silinda zote sita? Kwa sababu katalitiki nzima kwenye injini nzima haifiki huko kirahisi, gari limesimama dakika tano tu. Silinda moja ikikosa kuwaka, petroli mbichi inateremka na kuungua ndani ya katalitiki. Joto linaweza kupita nyuzi 1,000, kauri ikaanza kuyeyuka. Dada wa Kakamega, na wewe anza hapo: plagi, waya za plagi, kofia ya distribyuta.

Mleta uzi, Nakuru

Fundi, umenishika pabaya, na ni haki. Waya mbili za plagi zilikuwa zimepasuka. Nilizibadilisha wiki iliyofuata na gari likaacha kutetemeka likiwa limesimama, na mtetemo huo nilikuwa nimeuzoea hadi nikaona ndiyo tabia yake. Kwa hiyo moto ule ulikuwa na wazazi wawili, na wote niliwalea mimi.

Sasa nieleze nilivyorudisha mabati, maana wengine wameniuliza kando.

Kwanza nilihakikisha kelele inatoka wapi. Gari likiwa baridi, niligonga kila bati kwa ngumi. La bolti mbovu linalia mara moja. Kisha nikamwomba kijana akanyage mafuta polepole mimi nikishikilia kila kipande kwa mpini mrefu wa jembe. Ukishika sahihi kelele inakatika. Ukigonga katalitiki yenyewe ukasikia kokoto zikicheza ndani, ni kauri imevunjika, na hapo bati halina hatia.

Kama bati bado lipo, hata likiwa limeliwa kwenye tundu la bolti, haliendi popote. Unaweka washa pana ya chuma kisichoshika kutu, kubwa kuliko tundu, na bolti mpya. Kama sehemu ya kufungia imeoza kabisa, unazungusha klipu ya hosi ya chuma hicho hicho. Paipu ya mbele inatosha klipu moja ndefu, katalitiki unaunga mbili mwisho kwa mwisho. Kaza, kata mkia uliobaki, tembea siku chache, kaza tena. Ni kazi ya dakika kumi, na ningeifanya tangu mwanzo nisingemwagiwa maji ya kunywa ya mjomba.

Kwangu mawili, yale ya katalitiki, hayakuwepo tena kwenye lile rundo la vyuma chakavu. Bati la juu, upande wa sakafu, nilichongesha kwa mafundi wa sufuria. Wanajua kuikunja alumini kuliko mtu yeyote! Nilipeleka kielelezo cha katoni, wakalipiga kwa nyundo ya mbao likatoka na mbavu kama la kiwandani. Alumini huyeyuka nyuzi 660, kwa hiyo haigusi katalitiki kabisa. Nimeinyanyua kwa vipande vya bomba fupi ili ibaki na nafasi ya sentimita mbili. La chini nimetumia chuma cheupe kisichoshika kutu, kutoka kwenye pipa la mashine ya kufulia iliyokufa.

Mkulima wa Njoro

Hapo ndipo nilipotaka kufika. Nyumbani nina vipande vya mabati ya nyumba vimebaki. Siwezi kutumia hivyo?

Fundi wa Kibuye

Usitumie karibu na katalitiki, mzee wangu. Bati la nyumba limepakwa zinki, na zinki huyeyuka nyuzi 420. Na akija mtu kulichomelea, moshi wake mweupe humpa homa na kutetemeka usiku huo. Mafundi wengi tunaijua, tunakunywa maziwa tukidhani yanatibu. Hayatibu. Tafuta alumini au chuma kisichoshika kutu.

Na kile kitambaa cha kuzungushia ekzosti wanachouza mitandaoni, kwa gari la shamba sikipendi. Kinanyonya maji na tope, paipu inaoza ndani yake usione, na kikiloa oili iliyovuja ndiyo utambi huo.

Kwa atakayelazimika kutoa bati lililooza kabisa, nina maneno machache. Ekzosti iwe baridi. Gari liwekwe juu ya stendi imara, si jeki peke yake wala mawe. Nimemzika mwenzangu kwa sababu ya jeki. Bolti zipake mafuta ya kulainisha kutu usiku kabla ya kazi, zisugue kwa brashi ya waya, jaribu kukaza kidogo ndipo ulegeze. Ikikatika shingo, kata bati kwa mkasi wa bati, si grinda, popote penye paipu ya petroli karibu. Cheche za grinda zinaruka mbali kuliko unavyodhani.

Landrova ya Kitale

Nimerudi. Baada ya kusoma haya yote nimeingia chini ya Defender na tochi. Ekzosti haina shida, nilivyosema. Lakini waya mnene wa stata, upande unaotazama paipu, mpira wake umekauka na kupasuka, ukiukunja unamegeka kama biskuti. Upande wa pili bado ni laini. Miaka minane sikuwahi kuutazama.

Fundi, nitakuwa Kisumu Jumamosi kwa harusi. Je, nikifika saa tatu utakuwepo?

Fundi wa Kibuye

Nitakuwepo, mzee. Ila ukitoka Kitale moja kwa moja ekzosti itakuwa ya moto, sitaigusa. Fika Ijumaa jioni uliache hapa lipoe usiku, saa moja asubuhi tunaanza, kabla ya harusi utakuwa umeshanawa mikono. Waya wa stata nitakutafutia. Bati njoo na lako la zamani kama hukulitupa.

Landrova ya Kitale

Liko juu ya dari ya banda la kuku. Nalileta.